Kumi na Tisa Ilipopita Chini ya Daraja

Mume wangu Wilf aliniposa juu ya daraja la waenda kwa miguu, karibu na stesheni ya Barrowthorpe, mwezi wa Juni mwaka 1952, na katikati ya posa akageuka kutazama treni. Habari hiyo nimeisimulia kwenye harusi za watoto wangu wote watatu, kwenye mazishi ya mama mkwe, na mara moja kwa daktari wa meno ambaye alikuwa ameniambia nipanue mdomo tu. Wilf hakuwahi kuikanusha. Alitabasamu na kusema, "Mke wangu hasahau."

Ningesahau vipi, wakati hata siku yenyewe aliichagua kwa ajili ya treni? Mtu wa kibanda cha ishara za reli alikuwa amemnong'oneza kwamba saa nane na dakika ishirini mchana ingepita injini namba Kumi na Tisa. Mimi nikaambiwa twende kupunga upepo. Nikavaa kofia yangu mpya ya kijani, nikapanda darajani, na upepo niliopunga ulikuwa wa makaa ya mawe.

Injini za aina hiyo zilikuwa ishirini na nne, za mvuke, za kuvuta treni za abiria za mwendo wa kasi. Pua ya kila moja ilichongwa mteremko, na mwili mzima ulivikwa bati laini ili upepo uteleze. Kila moja ilipewa jina la mto. Watu wa kwetu waliziita Mishale. Wanaume wazima, wenye kazi na ndevu, walikuwa wanasimama kando ya reli kwenye mvua kuzingojea, kila mmoja na kitabu chenye namba zote. Ukiiona injini, unapiga mstari chini ya namba yake. Sharti ni moja: uisome namba kwa jicho lako mwenyewe. Kusikia hakuhesabiki. Kuambiwa hakuhesabiki. Hata injini ikikukanyaga mguu, kama hukusoma namba umepoteza mguu bure.

Aliyezimaliza zote ishirini na nne aliandikwa jina lake kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao, katika ukumbi wa kanisa letu la Wamethodisti, ambako chama chao hukutana kila Jumanne. Wilf alikuwa amebakiza moja tu, hiyo Kumi na Tisa iliyoitwa Wharfe, ambayo makao yake yalikuwa Uskochi na huku kwetu ilikuja kwa nadra. Siku ya posa akaipigia mstari. Jumanne iliyofuata, rafiki yake Clifford Ogle, aliyekaa naye dawati moja tangu shule ya watoto wadogo, akasimama ukumbini na kusema yeye alikuwa kwenye tuta la reli saa hiyohiyo, na iliyopita ilikuwa Kumi na Moja, yaani Swale. Kwa sheria zao, namba iliyopingwa haipandi ubaoni mpaka ushahidi upatikane.

Ushahidi haukupatikana. Mishale yote ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Wilf na Clifford hawakusemezana miaka arobaini na mitano, ila kila Jumanne walikuja ukumbi uleule, wakakaa meza ileile, mmoja huku na mwingine kule, na Horace, mwenyekiti, katikati kama ukuta.

"Horace, mwambie huyo bwana asogeze sukari."

"Horace, mwambie huyo bwana anayeona treni zisizokuwepo kwamba sukari ina miguu, itamjia yenyewe."

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nawamiminia chai huku nikijua jibu. Niliisoma namba ile. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na macho ya mwewe, na injini ilikuja moja kwa moja mbele yangu. Mtaniuliza kwa nini sikusema. Kwanza, hakuna aliyeniuliza. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye birika huambiwa alete. Pili, nilikuwa na kinyongo, nakiri. Mtu anipose, kisha ageukie injini kabla sijamjibu, halafu mimi nimsaidie kuipata injini hiyo? Ng'o. Nikamwachia akae na pengo lake ubaoni kama nilivyokaa na langu moyoni.

Vuli hii daktari akatuambia kwamba presha ya macho ya Wilf imefika pabaya. Mpaka Krismasi, alisema, hataweza kusoma tena. Wilf alishukuru, akavaa kofia yake, akagonga fremu ya mlango akaiomba radhi. Asubuhi ya pili, tukila uji, akaniambia, "Ningependa kuliona jina langu pale ubaoni, Enid. Kuliona, si kusomewa."

Hakuomba zaidi ya hapo, akaendelea na uji wake. Mimi wangu nikausukuma kando. Nikaamua kwamba Jumanne ile nitasema, kinyongo au hakuna kinyongo.

Nikaoka keki ya tangawizi, nikavaa vizuri. Lakini kabla sijafungua mdomo, Clifford akaingia na bati la biskuti kwapani. Clifford ni mtu mrefu, mkavu, hakuoa, na masikio yake huonyesha hali yake kabla ya mdomo. Siku hiyo yalikuwa mekundu tangu mlangoni. Akafungua bati, akatoa picha moja ndogo yenye kingo nyeupe, akaiweka mbele ya mwenyekiti.

"Horace," alisema, "mwambie mwenzetu nimesikia habari ya macho yake. Mwambie hii nilipiga mimi, siku ile, kutoka kwenye tuta. Tuitazame, tuone kama injini itajulikana. Ikiwa ni Kumi na Tisa, nitafuta pingamizi langu."

"Wilf," alisema Horace, "Clifford anasema—"

"Nimemsikia. Mimi macho ndiyo mabovu. Miaka yote hiyo alikuwa nayo?"

"Clifford, Wilf anauliza—"

"Mwambie alikuwa nayo," alijibu Clifford, masikio yakazidi.

Basi wakaanza. Kioo cha kukuzia kikatoka, taa ya mezani ikasogezwa, na vichwa vitatu vyenye nywele za mvi na vipara vikagusana. Wahenga husema penye wazee hapaharibiki neno. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa na wazee wa treni. Picha ilikuwa imejaa mvuke. Namba haikuonekana. Cha injini kilichokuwemo ni kipande cha pua na nusu ya bomba la moshi, chini kabisa ukingoni.

"Bomba ni la matundu mawili," alisema Horace. "Kumi na Tisa ilikuwa na matundu mawili."

"Ilibadilishiwa mwaka hamsini na saba," alisema Clifford. "Hii ni hamsini na mbili."

"Hamsini na moja ilibadilishiwa. Niliiona mwenyewe Doncaster, nilikuwa nakula mkate wa nyama."

"Horace, hamsini na moja ulikuwa umelazwa na nyongo."

"Basi nilikula kabla."

Wilf akasogeza pua mpaka ikagusa karatasi. "Tafuteni bonde kwenye pua," alisema. "Kumi na Tisa iligonga ng'ombe kule kaskazini. Bati likabonyea, likabaki na bonde upande wa kushoto, la ukubwa wa bakuli."

"Upande wa kulia," alisema Clifford, kwa Horace.

"Ng'ombe alitoka kushoto."

"Mwambie alitoka kushoto akafika kulia. Ng'ombe hutembea."

Wakatafuta bonde la ng'ombe kwa dakika ishirini. Walichokipata mwishoni kilikuwa doa la chai, nalo nililidondosha mimi dakika hiyo hiyo. Horace akasema injini zile zilitofautiana kwa sauti ya filimbi, akasimama akatupigia ya Kumi na Moja, kisha ya Kumi na Tisa. Zote mbili zilikuwa sauti ya Horace mwenye meno ya bandia. Wakabishana kama ilikuwa na mabati ya kufunika magurudumu au yalikuwa yamekwisha kung'olewa wakati wa vita. Wakabishana kama siku ile kulikuwa na jua. Wilf akasema jua lilikuwa kali, Clifford akasema manyunyu, na Horace, ambaye siku ile alikuwa kazini maili thelathini kutoka hapo, akakumbuka ukungu.

Nilipokuja kuongeza chai mara ya tatu, nikainama juu ya mabega yao nikaiona picha kwa mara ya kwanza.

"Hao watu darajani ni nani?" nikauliza.

Vichwa vitatu vikainuka.

"Watu gani?" aliuliza Horace.

Naapa. Saa nzima na kioo cha kukuzia, na walikuwa hawajaona kwamba kuna watu. Nikaweka birika, nikanyoosha kidole. Juu ya daraja, katikati kabisa ya picha, walisimama msichana na mwanamume wameshikana mikono. Mwanamume mvuke ulikuwa umemfunika kuanzia shingoni kwenda juu, amebaki koti na suruali. Msichana alionekana mwili mzima, mpaka kofia.

"Kofia hiyo nilivaa siku moja tu katika maisha yangu," nikasema. "Iliingia masizi hayakutoka. Mkitaka tarehe ya picha, tarehe ndiyo hiyo, na mkitaka hali ya hewa, ilikuwa jua na upepo. Bonde la ng'ombe mtajua wenyewe."

"Ni Enid," alisema Horace kwa mshangao, kama aliyenikuta Uchina.

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuiona picha yenyewe ilivyokaa. Mtu huyu, Clifford, alikuwa katibu wa chama. Kabati zake zilikuwa na picha za treni elfu mbili, kila injini imekaa katikati, namba inasomeka, hata kivuli kimepimwa. Na picha moja aliyoificha ndiyo hii: injini imekatwa pua, namba haipo, na katikati, safi, niko mimi na kofia.

"Clifford," nikasema, "siku hiyo ulikuwa unapiga picha ya nini?"

Hakumgeukia Horace. Masikio yalikuwa yamefika rangi ya nyanya. "Nilikuwa nimejitayarisha kwa injini, shemeji," alisema. "Kisha nikawaona mmeshikana mikono. Sijui. Mashine ikajielekeza."

"Na namba?"

"Sikuiona namba." Akakunja mikono yake mirefu mezani. "Nilikuwa nimekasirika. Alikuwa anapata kila kitu siku moja, yule. Nikasema Kumi na Moja kwa sababu ndiyo iliyokuja mdomoni, na nilipokwisha kusema, ikabidi niishi nayo."

Horace kikombe kilimganda mkononi. Macho mabovu ya Wilf yakawa yanamtafuta Clifford alipo. Nikamwonea huruma Clifford, kusema kweli, na nikajisikia vizuri kidogo vilevile, maana hakuna mwanamke wa miaka sitini na sita anayechukia kusikia kwamba aliharibu picha ya treni.

"Basi mimi niliiona," nikasema. "Ilikuwa Kumi na Tisa. Wharfe. Niliisoma puani na ubavuni."

"Mbona hukusema?" aliuliza Horace.

"Mbona hukuuliza?"

Horace ni mtu wa taratibu, na moyo wake ni mwema. Akajinyoosha, akatangaza kwamba pingamizi limefutwa na mpingaji mwenyewe na kwamba shahidi wa kuaminika amepatikana. Rangi ya dhahabu ipo kabatini, alisema, na Ijumaa jina litakuwa juu. Wilf akashika ukingo wa meza. Sijawahi kumwona mwanamume akijizuia hivyo tangu siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, na kinyongo changu chote nikakiona kidogo, cha kitoto. Aliitaka injini yake. Basi aipate, nikawaza, aisome mara moja kabla ya giza.

"Limebaki swali la sheria tu," alisema Horace. Kila aliyepanda ubaoni huulizwa swali hilo amesimama, mbele ya wanachama, na wote sita waliotangulia waliulizwa. Wilf akasimama. Horace naye akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Wilfred Tasker, namba ya mwisho uliisoma kwa jicho lako mwenyewe?"

Kilichohitajika ni neno moja. Hakuna mtu duniani aliyeweza kumpinga. Uso wake kwenye picha ulikuwa ndani ya mvuke, na shahidi wake alikuwa mkewe, ambaye kwa miaka arobaini na mitano alikuwa ameuambia ulimwengu mzima kwamba aligeuka akatazama treni.

Wilf akatazama upande wa ubao, ambao nadhani kwake ulikuwa ukungu wenye alama za njano.

"Hapana," alisema.

"Sema tena?" alisema Horace, ambaye pia hasikii vizuri.

"Hapana. Sikuisoma. Sikuiona kabisa. Nilikuwa nimeipa mgongo." Akapapasa nyuma yake akakipata kiti, akakaa. "Nilikuwa namtazama huyu. Nilishamwuliza swali, na kelele ilikuwa inakuja, nikajua jibu sitalisikia. Ilibidi nimtazame mdomo. Mvuke ulipotufunika nikawa bado natazama pale mdomo ulipokuwa. Nilipoandika Kumi na Tisa, niliandika kwa kuwa mtu wa kibanda alisema ndiyo itakayokuja."

Nikatafuta kiti na mimi. Nilisikia furaha na hasira vikinipanda pamoja, na sikujua kipi kitangulie.

"Wilf Tasker," nikasema, "umeniacha niseme miaka arobaini na mitano kwamba uligeuka. Mbele ya watoto wako. Mbele ya mama yako akiwa kwenye jeneza. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ningelazimika kufuta mstari."

"Hilo ni kweli," alisema Clifford.

"Ni kweli kabisa," alisema Horace.

Wote watatu wakatikisa vichwa kwa heshima, kama kwamba jambo hilo mtu yeyote mwenye akili angelielewa. Nilitaka kuwapiga na birika. Nilitaka pia kumbusu mmoja wao, yule mwenye macho mabovu.

Wilf akatoa kitabu chake mfuko wa ndani, akakifungua kwenye ukurasa wa Mishale. "Nani ana kifutio?" aliuliza.

Clifford akatoa chake. Safari hii hakumpa Horace ampitishie. Alizunguka meza nzima, akakiweka kwenye kiganja cha Wilf. Wilf akaanza kufuta, akafuta nafasi tupu.

"Chini kidogo," alisema Clifford.

"Hapa?"

"Chini zaidi. Hiyo ni Kumi na Saba, hiyo uliiona kihalali, nilikuwepo. Haya, hapo."

"Asante, Cliff."

"Bonyeza kidogo. Ulipiga mstari kwa nguvu sana."

Wakafuta hivyo, mkono wa mmoja ukiongozwa na kidole cha mwingine, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Horace akapenga kamasi kwa kelele, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona katika ukumbi ule: akanimiminia chai. Aliimwaga nusu kwenye sahani.

Wilf akarudisha kitabu mfukoni. Kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukipenda, ucheshi fulani.

"Enid," alisema, "uliisoma puani na ubavuni?"

"Nimeshasema. Puani na ubavuni."

"Vizuri kabisa?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Basi nifahamishe, mama. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Wewe wakati unanijibu ulikuwa unatazama nini?"

Clifford akaisogeza picha kwa kidole, polepole, mpaka ikafika mbele yangu, na kioo cha kukuzia juu yake.

"Picha inaonyesha, shemeji," alisema kwa upole.

Sikuhitaji kioo. Msichana chini ya kofia alikuwa amemshika kijana mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa wazi katikati ya neno, na macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la kijana yakatua kwenye reli. Uso ulikuwa unang'aa. Mng'ao ule haukuwa wa Wilf.

Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwamba aligeuka nilikisia tu kwa ule mstari wa kitabuni; mimi sikuwa namtazama.

"Treni," nikasema.

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Horace na Clifford walisogeza viti vyao karibu, na Wilf akanyoosha mkono juu ya meza mpaka akaupata wangu.

"Ilikuwa nzuri?" aliuliza.

"Ilikuwa nzuri sana, Wilf. Nisamehe."

"Basi nieleze," alisema, akafumba macho. "Anzia pua. Taratibu, usiruke kitu."